Mwili Husema Kabla ya Mdomo



Somo letu la leo ni juu ya mwili: mwili wako wewe mume, na mwili wako wewe mke, ule ambao mwenzako anauona kila siku. Ndio unaoumwa kichwa, unaokosa usingizi, unaokunja ngumi, na unaogeukia ukutani usiku. Katika nyumba nyingi za Thika na Ruiru kuna maswali ambayo watu huyabeba kimya. Mwenzangu akisema anaumwa, na daktari asione ugonjwa, je, anadanganya? Je, ni pepo? Je, ni wazimu? Na akiambiwa aende kwa mshauri nasaha au kwa mtaalamu wa saikolojia, je, Mkristo anaweza kwenda bila kuiacha imani yake?

Tutayajibu maswali haya polepole. Someni pamoja, mume na mke, kama mnaweza. Mwishoni kuna maswali ya kujadili nyumbani au katika jumuiya yenu.

1. MFANO WA NYUMBA MOJA

Tuchukue mfano. Hii si nyumba ya mtu fulani, ni mfano wa kutusaidia kufikiri. Mume anafanya zamu ya usiku katika kiwanda kimoja cha Thika. Mke anauza mitumba Ruiru, na huko ndiko wanakopanga nyumba. Mwaka jana mimba ya miezi mitano iliharibika. Watu walikuja, wakasema pole, wakaenda zao. Siku ya tatu mume alirudi kazini. Tangu siku ile hawajalitaja jambo hilo hata mara moja.

Sasa mke anaumwa mgongo na kichwa. Moyo unamwenda mbio bila sababu. Usiku akiguswa tu, mwili wote unakakamaa. Mume naye tumbo linamchoma, na siku hizi anapitia baa kabla ya kufika nyumbani. Mke amekwenda zahanati mara nne, na kila mara anaambiwa hakuna kitu. Mama mkwe anasema ni uvivu. Jirani anasema apelekwe akaombewe na afunge siku saba. Mume anasema, "Mama, wewe siku hizi unanikataa." Mke anajibu, "Baba, mimi sikukatai. Ni mwili tu."

Maneno hayo matatu, "ni mwili tu", ndiyo somo letu. Mama huyu anazungumza kana kwamba mwili wake ni mtu mwingine, mpangaji aliyeingia nyumbani akaleta fujo. Je, ni kweli kwamba mwili ni kitu kingine, na mimi ni mwingine?

2. LUGHA YETU INASEMA NINI

Kabla ya kuwauliza wanafalsafa, tusikilize jinsi tunavyosema wenyewe. Mwanamke anayejifungua ana uchungu, na aliyefiwa naye ana uchungu. Neno ni moja. Mtu mwenye chuki ya siri ana kinyongo, na ndani ya neno hilo mna nyongo, kiungo cha tumboni. Aliyekata tamaa amekufa moyo. Anayejikaza amepiga moyo konde. Mwenye wasiwasi husema kifua kinambana. Wasomaji wanaozungumza Kikuyu wanajua jinsi neno ngoro linavyobeba moyo unaodunda na pia moyo unaopenda na kuhuzunika.

Wazee wetu hawakuwa na chuo cha saikolojia, lakini walijua kwamba huzuni hukaa mahali fulani mwilini. Mama wa mfano wetu akisema "mgongo unaniuma", huenda anasema ukweli mara mbili: mgongo unamuuma, na msiba unamuuma.

3. KANISA LINAFUNDISHA NINI JUU YA MWILI

Zamani za Wagiriki, mwanafalsafa Plato aliuona mwili kama kifungo cha roho. Kwa mawazo hayo, mtu wa kweli ni roho, na mwili ni gereza lake. Mawazo haya yaliwavuta Wakristo wengi, na hata leo tunayasikia katika mahubiri ya kuudharau mwili. Lakini Kanisa halikuyakubali. Mungu aliuumba mwili akaona ni chema. Neno alifanyika mwili. Sakramenti zote hutupitia mwilini, kwa maji, mafuta, mkate, divai na kuwekewa mikono. Na tunaungama katika Kanuni ya Imani kwamba mwili utafufuka.

Katika karne ya 13 Mtakatifu Thomas wa Akwino alieleza jambo hili kwa ufasaha. Alijifunza kwa Aristotle kwamba roho haikai mwilini kama nahodha katika jahazi, ambaye anaweza kushuka na jahazi likabaki jahazi. Roho ndiyo inayoufanya mwili huu uwe mwili hai wa binadamu. Ukiniumiza mkono, hujaumiza mali yangu, umeniumiza mimi. Mtaguso wa Vienne, uliofanyika mwaka 1311 na 1312, ulifundisha vivyo hivyo, na Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka 1992, inarudia fundisho hilo katika namba 365.

Thomas hakuishia kwenye nadharia. Katika kitabu chake kikubwa, Summa Theologiae, aliuliza huzuni hutulizwa na nini, akataja dawa kadhaa: kitu chema kinachomfurahisha mtu, machozi, huruma ya marafiki, kuutafakari ukweli, na mwishowe usingizi na kuoga. Angalieni vizuri. Mtakatifu na mwalimu mkuu wa Kanisa anamwambia mwenye huzuni alie, aoge na alale. Hakuona aibu kuyaweka maji ya kuoga pamoja na kumtafakari Mungu, kwa sababu anayehuzunika ni mtu mmoja.

Katika karne ya 17 Mfaransa René Descartes alitenganisha tena. Alisema kuna vitu viwili: akili inayofikiri, na mwili unaokwenda kama mashine. Madaktari walipata faida, kwa maana walijifunza kuuchunguza mwili kama fundi anavyochunguza injini. Lakini hasara ilikuwa kubwa. Mgonjwa aligawanywa. Mwili ukaenda hospitalini, roho ikaenda kanisani, na mtu mwenyewe akabaki njiani.

Katika karne ya 20 wanafalsafa Wakristo walianza kumrudisha. Gabriel Marcel wa Ufaransa, aliyepokelewa katika Kanisa Katoliki mwaka 1929, alieleza kwamba mwili si kitu ninachokimiliki kama ninavyomiliki baiskeli. Edith Stein, aliyezaliwa Myahudi, akabatizwa mwaka 1922, akauawa na Wanazi huko Auschwitz mwaka 1942, alikuwa ameandika tasnifu yake juu ya jinsi mtu anavyotambua hisia za mwenzake. Kwake, sura ya mwenzangu si ukuta unaoficha huzuni yake. Katika sura hiyo ndipo ninapoiona huzuni yenyewe. Alitangazwa mtakatifu mwaka 1998.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati Gaudium et Spes ya mwaka 1965, namba 14, ulifundisha kwamba binadamu ni mmoja katika mwili na roho, na kwamba haruhusiwi kuudharau mwili wake. Kisha Papa Yohane Paulo wa Pili alitoa katekesi 129 za siku za Jumatano, tangu Septemba 1979 hadi Novemba 1984, akieleza kwamba mwili humdhihirisha mtu, na kwamba wanandoa husemezana kwa lugha ya mwili. Lugha hiyo yaweza kusema kweli, na yaweza pia kusema uongo.

4. TIBA YA KISAIKOLOJIA IMEFIKA WAPI

Sigmund Freud wa Vienna alikuwa daktari wa mishipa ya fahamu. Mwaka 1895 yeye na mwenzake Josef Breuer walichapisha kitabu juu ya wagonjwa waliokuwa na maumivu, mikono iliyokufa ganzi na sauti iliyopotea, na hali viungo vyao havikuwa na kasoro iliyoonekana. Waliona kwamba wengine walipata nafuu walipopewa nafasi ya kueleza yaliyowapata. Hapo ndipo tiba ya mazungumzo ilipoanza. Ilianzia kwenye mwili unaouma.

Lakini kwa miaka mingi baadaye tiba hiyo ilisikiliza maneno zaidi kuliko mwili. Mwanafunzi mmoja wa Freud, Wilhelm Reich, ndiye aliyesema kwamba hofu na hasira hujificha katika misuli, shingoni, kifuani na taya zinapokazwa. Hapo aliona kitu cha kweli. Akaendelea akafundisha kwamba mtu hupona kwa kuifungulia tamaa ya ndoa bila masharti. Hapo Mkristo hawezi kumfuata, na sababu tutaiona mbele.

Siku hizi wataalamu wengi wa majeraha ya moyo wanaujali mwili. Kitabu cha daktari Bessel van der Kolk wa Marekani, kilichotolewa mwaka 2014, kimeyaeneza mawazo hayo kwa watu wa kawaida. Maelezo yenyewe si magumu. Ukikutana na hatari, mwili humwaga homoni, moyo huenda mbio, misuli hukaza, na tumbo huacha kusaga chakula vizuri. Hivi ndivyo Mungu alivyotuumba ili tukimbie au tujitetee. Hatari ikipita, mwili unapaswa kutulia. Lakini hofu au msiba usipopata pa kutokea, mwili hubaki zamu. Ni kama bawabu wa usiku ambaye hakuambiwa kwamba wezi wameondoka. Kila jani likitikisika, anapuliza filimbi. Bawabu huyo hasemi uongo, wala si mwovu. Anahitaji mtu wa kumjulisha kwamba kumekucha.

Ndiyo maana mshauri mzuri wa leo atamuuliza mgonjwa, "Ukilitaja jambo hilo, unalisikia wapi mwilini?" Atamfundisha kupumua polepole, kulegeza mabega, kukanyaga sakafu na kujua yuko wapi. Mengine hayo Kanisa lilikuwa nayo zamani. Watawa wa Mashariki walisali jina la Yesu pamoja na pumzi. Sisi hupiga magoti, husimama, hugonga kifua na kushika shanga za rozari.

5. HAPA KWETU KENYA

Ukitoka Thika kwa barabara kuu kuelekea Nairobi, kabla ya kufika mjini kuna Hospitali ya Mathari. Ilianzishwa mwaka 1910 kama nyumba ya kuwafungia wagonjwa wa akili. Tangu mwaka 1938 iliongozwa na daktari wa kikoloni, J. C. Carothers. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha andiko lake juu ya akili ya Mwafrika. Ndani yake alidai kwamba Mwafrika haitumii vizuri sehemu ya mbele ya ubongo, na kwamba ugonjwa wa huzuni ni nadra kwake. Hili ni kosa la kumhukumu mtu kwa mwili wake, na kosa la pili la kutousikiliza mwili huohuo ulipokuwa ukisema.

Mwaka 1979 madaktari Ndetei na Muhangi walichapisha utafiti uliofanywa kwa wagonjwa wa kawaida waliokwenda wenyewe kutibiwa mashambani Kenya. Karibu mmoja kati ya watano alikuwa na shida ya kisaikolojia, hasa huzuni na wasiwasi, lakini kilichowaleta kliniki kilikuwa maumivu ya mwili. Basi huzuni ilikuwapo tangu zamani. Ilikuja kwa mlango wa kichwa, mgongo na tumbo, na waliokuwa wakiingoja kwenye mlango mwingine hawakuiona.

Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti mwingine wa Nairobi. Wanawake 518, waliokuwa na taabu kubwa moyoni na waliowahi kudhulumiwa, waligawanywa katika makundi mawili. Kundi moja lilipata huduma ya kawaida. La pili lilipata vikao vitano na wahudumu wa afya wa jamii waliofunzwa. Walifundishwa kupumua polepole ili kutuliza mwili, kulikabili tatizo moja kwa wakati, kurudia kazi ndogondogo walizoziacha, na kutafuta watu wa kuwaunga mkono. Baada ya miezi mitatu kundi la pili lilikuwa limepata nafuu zaidi. Yalinganisheni mambo hayo manne na dawa za Mtakatifu Thomas, na mtaona kuwa ni jamaa.

6. MAKOSA MATATU YA KUEPUKA

Kosa la kwanza: mwili ni mashine. Mume mwenye wazo hili humwambia mkewe, "Si daktari amesema huna kitu? Amka basi." Anadhani kipimo kikiwa safi, maumivu hayapo. Lakini mke si gari la kutoka gereji.

Kosa la pili: mwili ni adui. Hapa kila ugonjwa usioeleweka huitwa pepo au adhabu ya Mungu. Mama aliyepoteza damu na mtoto anaambiwa afunge siku saba. Ndugu zangu, hii ni hatari. Kumbukeni nabii Elia katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 19. Alichoka akaomba afe. Malaika hakumhubiria kwanza. Alimwacha alale, akamletea mkate na maji, akamwacha alale tena, akamlisha mara ya pili. Baada ya mwili kupata nguvu ndipo Mungu alipozungumza naye. Sala ina mahali pake siku zote, lakini sala haimnyang'anyi mgonjwa chakula wala dawa.

Kosa la tatu: mwili ni bwana. Hili ndilo kosa la Reich, na ndilo linalouzwa sana katika magazeti na simu zetu. Linasema, "Mwili wangu ukitaka, basi ni haki yangu. Nikisikia baridi kwa mke wangu na joto kwa mwingine, mwili umeniambia ukweli." La hasha. Mwili husema, lakini hauamui peke yake. Hasira inasema kweli kwamba nimeumizwa, haisemi kweli kwamba nipige. Tamaa inasema kweli kwamba ninahitaji kupendwa, haisemi kweli kwamba nivunje agano. Mwenye kuamua ni mimi, kwa akili, kwa dhamiri na kwa neema.

Papa Pius wa Kumi na Mbili alisema na wataalamu wa tiba ya kisaikolojia tarehe 13 Aprili 1953. Hakuwafukuza. Aliwataka wamwone mtu kama kitu kimoja kizima, aliye katika jamii na aliye mbele ya Mungu. Akafundisha pia tofauti inayotufaa sana. Kuna hisia ya hatia iliyo ugonjwa, na hiyo mtaalamu anaweza kusaidia kuitibu. Na kuna hatia ya kweli, ya dhambi iliyotendwa, ambayo hakuna tiba ya saikolojia peke yake inayoweza kuiondoa. Basi mama anayejilaumu kwa mimba iliyoharibika bila kosa lake anahitaji kuponywa, na kumwongezea toba ni kumwongezea mzigo. Mume anayelala nje anahitaji kitubio, na mazoezi ya kupumua hayatamwondolea dhambi.

Na vipi mazoezi yaliyochanganywa na dini nyingine? Mwaka 1989 Idara ya Mafundisho ya Imani iliandika barua juu ya tafakari ya Kikristo. Ilikubali kwamba mkao wa mwili unaweza kusaidia sala. Ikaonya kwamba utulivu wa mwili usidhaniwe kuwa ni Roho Mtakatifu mwenyewe. Kupumua polepole si dini. Lakini mtu akikutaka uabudu roho fulani au uache kusali, mwache.

7. KITANDANI

Tuseme wazi, kwa heshima. Mke wa mfano wetu anapokakamaa, mumewe anasoma, "Hanipendi." Amesoma vibaya. Mwili ule unakumbuka mahali mtoto alipopotea. Akimlazimisha, bawabu yule wa usiku atapuliza filimbi kwa nguvu zaidi kesho.

Watu hutaja Barua ya Kwanza kwa Wakorintho, sura ya 7, kana kwamba Paulo alimpa mume hati ya kumiliki mwili wa mkewe. Someni hadi mwisho wa mstari. Paulo anasema mwili wa mume nao uko mikononi mwa mke. Hapo hakuna bwana na mtumwa, kuna watu wawili waliokabidhiana. Papa Paulo wa Sita, katika Humanae Vitae ya mwaka 1968, namba 13, alifundisha kwamba tendo la ndoa analolazimishwa mwenzi bila kujali hali yake na matakwa yake ya haki si tendo la kweli la upendo. Papa Fransisko alilikumbusha fundisho hilo mwaka 2016 katika Amoris Laetitia.

Wake nao wasikilize. Mume aliyepoteza hamu au nguvu si lazima awe na mwanamke mwingine. Kisukari, presha, baadhi ya dawa, pombe, deni na kufanya kazi usiku kwa muda mrefu, vyote huugusa mwili wa mwanamume. Kumcheka ni kumfungia mdomo. Na yule anayeambiwa kwamba mwanamume halii akumbuke kwamba Bwana wetu alilia kwenye kaburi la Lazaro, na katika bustani ya Gethsemane uchungu wa moyo wake ulitoka mwilini kama jasho la damu.

8. MFANYE NINI?

Kwanza, nendeni hospitalini. Maumivu yasiitwe "mawazo" kabla ya kupimwa. Upungufu wa damu, ugonjwa wa tezi ya shingo, malaria na presha vinaweza kufanana na huzuni au wasiwasi. Nendeni wawili, iwe ni Hospitali ya Thika Level 5 au kituo cha afya kilicho karibu nanyi, na mwambieni daktari pia kuhusu msiba, usingizi na pombe.

Pili, tengeni nusu saa mara moja kwa juma, simu zikiwa mbali. Kama mume ana zamu ya usiku, tafuteni saa yenu, hata kama ni asubuhi. Kila mmoja amwambie mwenzake mahali anapousikia mzigo mwilini, na ulianza lini. Msikilizaji asijitetee wala asitoe dawa. Aseme tu alichosikia.

Tatu, litajeni jambo lililofichwa. Mficha maradhi kifo humuumbua. Wazazi waliopoteza mimba wanaweza kumwomba padre awaombee pamoja na mtoto wao. Wanaweza kumpa jina katika sala zao. Machozi ya pamoja ni sehemu ya tiba.

Nne, rudisheni mguso usiodai kitu. Kushikana mikono wakati wa sala ya jioni. Kumpa mwenzako maji ya moto aoge. Kumkanda mabega anayerudi kazini, kisha kumwacha alale. Mwili unajifunza tena kwamba mkono huu hauji kuchukua.

Tano, tafuteni mshauri aliyesomea. Kenya ina sheria ya washauri na wanasaikolojia ya mwaka 2014, na mna haki ya kumuuliza mtu kama amesajiliwa. Mshauri mwema ataiheshimu ndoa yenu na imani yenu, hatawagusa kwa namna isiyofaa, wala hatawaambia dhambi ni dawa. Muulizeni paroko wenu kama anamfahamu mmoja. Padre na mshauri hawagombani: mmoja anaondolea dhambi, mwingine anasaidia kufunga jeraha.

Sita, zijueni dalili za hatari. Mtu akisema afadhali afe, akianza kugawa vitu vyake, akiacha kula, au akisikia sauti zisizokuwapo, msingoje Jumapili. Mpelekeni hospitalini siku hiyohiyo, na asiachwe peke yake. Wengi walikuwa wakificha jambo hili kwa kuogopa polisi, lakini Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kumwadhibu mtu aliyejaribu kujiua ni kinyume cha Katiba. Na nyumbani kukiwa na kipigo, hatua ya kwanza ni usalama wa anayepigwa na watoto. Kikao cha mazungumzo kitafuata baadaye.

9. TURUDI KWA WANANDOA WETU

Yule mama aliyesema "ni mwili tu" angeweza kusaidiwa aseme hivi: "Baba, ni mimi. Mwili wangu unamlilia mtoto wetu, na nilidhani wewe umemsahau." Na mume, kama angejua kusikiliza tumbo lake linalochoma, angejibu, "Sijamsahau, mama. Ndiyo maana sitaki kurudi nyumbani mapema." Katika maneno hayo bado hakuna tiba kamili. Safari ya hospitali, ya mshauri na ya kitubio iko mbele yao. Lakini sasa wataifunga wakiwa wawili, na kila mmoja anajua kwamba yule aliyelala ubavuni mwake hakuwa adui.

Siku ya arusi hamkupeana roho peke yake. Mlisimama mbele ya altare kwa miguu yenu, mkashikana mikono, mkasema kwa midomo yenu, mkavishana pete vidoleni. Mwili ndio uliobeba agano. Ukianza kulia, usikilizeni.

MASWALI YA KUJADILI

1. Tangu mwaka huu uanze, mwili wako umekuwa ukikuambia nini ambacho hujamwambia mwenzako?
2. Katika makosa matatu, mashine, adui na bwana, lipi limeingia zaidi nyumbani kwenu?
3. Je, kuna msiba, deni au aibu ambayo mmekubaliana kutoitaja? Mngependa nani awasaidie kuitaja?
4. Jumuiya yenu inawasaidiaje wazazi waliopoteza mimba, baada ya wiki ya kwanza ya pole kwisha?